Pesa Kateni, Mwili Niachieni

Mimi ndiye yule mtu mnamlaani kila mwisho wa mwezi. Niko akaunti kwa kampuni moja ndogo ya vyuma huku Industrial Area, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha kabla ya tarehe 9 pesa zenu zimetoka kwa mshahara zikaenda serikalini, PAYE, NSSF, ile asilimia 1.5 ya nyumba, na hii asilimia 2.75 ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 imeniletea watu mlangoni kuliko makato mengine yote ukiyaweka pamoja. Mimi hushangaa kidogo, maana PAYE ndiyo inakula watu zaidi na hakuna anayekuja kuniuliza juu yake, hiyo walishaizika na matanga yakaisha. Ni hii ya afya inawachoma. Na si wote wanakuja na lalamiko la pesa, kuna wanaokuja na Biblia.

Aliyenifanya nikose usingizi ni fundi wetu mmoja wa kuchomelea. Mkorino, kilemba cheupe pe kila asubuhi hata kama jioni anatoka nacho kimeshika rangi ya vumbi la chuma. Mtu mpole, haongei mengi, lakini mikono yake ni ya maana. Alikuja na peisilipu imekunjwa mara nne, akaifungua mezani kwangu polepole, akaweka kidole pale pameandikwa SHIF, ndilo jina la mfuko wa hiyo SHA.

"Madam, hii ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya hospitali.

"Lakini mimi siendi hospitali."

Nikadhani ni ile ya vijana, ati sijawahi kuugua, nikaanza kumpa hotuba yangu ya kawaida kwamba ajali haibishi hodi. Akanisubiri nimalize. "Si kwamba sijaugua. Nimeugua. Siendi."

Kwa asiyejua, Wakorino ni watu wa dini iliyozaliwa hapa hapa kwetu, Ukikuyuni, enzi za mkoloni, na wazee wao wa mwanzo walikataa dawa za mzungu, mgonjwa alikuwa anaombewa basi. Siku hizi wengi wao wanaenda kliniki kama mimi na wewe lakini wapo walioshikilia ya wazee, na huyu ni mmoja wao. Akaniuliza kama kuna fomu ya kujaza ili atolewe. Nikamwambia hakuna. "Hata nikiandika barua?" Hata ukiandika barua. Akakunja peisilipu yake, akasema asante madam, akarudi kwa mashine. Angegombana nami ningesahau kufikia saa ya chai. Vile alisema asante ndiyo ilinikaa.

Sasa kabla niende mbali, hesabu, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu watu wanaongea juu ya hii SHA bila kushika kalamu. Mtu wa mshahara wa 28,000 enzi za NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, alikuwa anakatwa 850. Sasa anakatwa 770. Wa 100,000 alikuwa 1,700, sasa ni 2,750. Wa nusu milioni naye alikuwa 1,700 hiyo hiyo, kwa sababu NHIF ilikuwa na dari, na sasa ni 13,750 kwa sababu dari imeng'olewa. Kwa hivyo ukisikia mtu anapiga kelele sana kuhusu uhuru wake wa kuchagua matibabu, muulize kwanza anapata ngapi (bosi wangu amenuna tangu hapo hadi leo). Yule fundi nilimwonyesha kwamba kwa kweli amepunguziwa. Nikamuuliza mbona ile 850 hukuwahi kuilalamikia miaka yote hiyo? Akasema ile aliikuta.

Lakini jibu la hesabu si jibu la swali lake, hilo nalijua. Ukimsikiliza vizuri alikuwa anasema mambo mawili yamefungwa pamoja. La kwanza, sitatumia hii huduma, mbona nilipe. Hilo si la dini hata kidogo. Ni lile lile la kijana wa Roysambu anayekimbia kila asubuhi na anaona wazee wa presha wanamla pesa, ni lile la mtu ana bima nzuri ya kampuni na bado anakatwa SHA anaona analipa mara mbili. Kila bima duniani inaishi kwa pesa ya wasiougua mwaka huo, na siku watalipa wagonjwa peke yao itabidi tuiite jina lingine. La pili ndilo zito. Kwamba pesa yake inaenda kufanya kitu ambacho kwake ni kumkosea Mungu imani. Hapo huwezi kumjibu na kikokotoo.

Na jameni tusidanganyane na hii kitu inaitwa hiari. Nani hapa Nairobi hajawahi kuamka akajipata ameongezwa kwa grupu ya WhatsApp ya bili ya hospitali ya mtu? Admini anaweka orodha, namba moja jina na kiasi, kila mtu anakopi anaongeza lake, na ukitoka inaandikwa pale wazi umetoka, watu wote mia na kitu wanaona. Hiyo ni bima ya lazima. Haijapitishwa na Bunge lakini jaribu kukaa kimya mwaka mzima halafu siku yako ifike uone kama kuna mtu atashika simu. Shida yake ni kwamba inakuja mgonjwa ameshalala wadi, bili imeshapanda, na inategemea unajuana na nani. Mwenye mashemeji wamejaa maofisini anatoka wiki hiyo hiyo. Soja wa usiku ambaye watu wake wote wako Lodwar na simu zao hazina salio anabaki pale akihesabiwa siku za kitanda.

Yule fundi wetu huchanga, na ndiye huwa wa kwanza kutuma. Nilimkumbusha wakati mama anayetuuzia chai alifanyiwa operesheni ya uvimbe, yeye alitoa pesa nzuri kuliko mimi, na ile pesa ilienda kwa daktari na kisu na dawa za usingizi, vitu vyote ambavyo yeye mwenyewe hatagusa. Akafikiria kidogo, akaniambia, "Huyo namjua."

Na ukweli ni kwamba karibu vita yote ya bima ya serikali iko hapo. Tunaweza kumchangia tunayemjua hata kwa kitu tusichokiamini. Sheria ya 2023 ile Rais Ruto alitia saini Oktoba inatuambia tumchangie tusiyemjua, wa Mandera, wa Migori, mwenye ugonjwa hatuujui na dini hatuijui, na tumchangie bila kuuliza. Mimi nadhani hilo ni jambo zuri, nasema wazi ili mtu asingoje hadi mwisho akitafuta msimamo wangu. Kukatwa, tukatwe. Na Mkorino akatwe. Najua Katiba yetu kifungu cha 32 inasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, na sitajifanya hicho kifungu hakimhusu, kinamhusu. Lakini Katiba hiyo hiyo kwa kifungu cha 24 inakubali haki iwekewe mipaka ya busara, na kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya afya, na haki hiyo haina hela yake yenyewe mahali, inatoka kwa mifuko yetu. Halafu fikiria tu ofisi yangu ikitoa hiyo fomu. Tuko Nairobi hapa! Wiki moja, kila steji ya matatu ingekuwa na hema jipya la Waliokataa Kukatwa, askofu mkuu ni mhasibu, na waumini wa kwanza ni wale wa nusu milioni.

Wamarekani wamepelekana kortini kwa haya mambo hadi wakachoka, na kuna kesi moja ya 1982 mimi huipenda. Edwin Lee, mkulima na seremala, Muamishi wa Pennsylvania. Hawa Waamishi wanaamini ni dhambi kutotunza watu wako mwenyewe, ukiwaachia serikali wazee wako umekana imani, kwa hivyo hawataki kulipa mfuko wa serikali wa wazee na hawataki kulipwa nao. Bunge lao mwaka wa 1965 lilikuwa limewaondoa wale waliojiajiri wenyewe. Lakini Lee alikuwa ameajiri Waamishi wenzake shambani na kwenye karakana, na akakataa kuwakata. Umeona hapo? Lee si yule fundi wangu. Lee ni mimi, yule wa kukata. Mahakama ya Juu ikasema ndiyo, imani yako ni ya kweli na sheria hii inaibana, lakini tukiruhusu kila dhehebu lichague ushuru wa kulipa hakuna mfumo utakaosimama. Akashindwa, na hakuna jaji hata mmoja aliyekuwa upande wake.

Halafu ikaja ile sheria ya Obama ya 2010 iliyomtaka karibu kila mtu awe na bima ama apigwe faini, na faini yenyewe ilipofika 2016 ilikuwa dola 695 kwa mtu mzima ama asilimia 2.5 ya mapato, ile ingekuwa kubwa. (Sisi 2.75, na hiyo si faini, ndiyo bei.) Huko waliweka mlango wa dini. Waamishi na madhehebu kama yao waliruhusiwa kukaa nje, pia wale Wakristo wenye vyama vya kulipiana bili za hospitali wao kwa wao, mradi chama kiwe kilikuwepo tangu mwisho wa 1999, yaani usianzishe leo kukwepa. Huo ujanja wa tarehe naukubali, mtu aliyeuandika alikuwa anajua wanadamu. Mahakama ya Juu ikaipitisha 2012 kwa kura tano kwa nne ikisema ile faini ni kama ushuru, na mwaka wa 2017 Bunge likaishusha faini hadi sufuri kuanzia 2019. Yaani lazima ikabaki kwa karatasi.

Lakini mambo makali zaidi ya huko yalikuwa ya kupanga uzazi. Kwao bima ya watu wengi inapitia kwa mwajiri, sheria ikamwambia mwajiri bima unayowapa watu wako ilipie na njia za kupanga uzazi, na waajiri wenye imani yao wakasema hapana. Wenye maduka ya Hobby Lobby wakashinda 2014, tano kwa nne. Wale masista wa Little Sisters of the Poor, ambao hata hapa Nairobi wana nyumba ya wazee, walisumbuana na serikali yao miaka hadi 2020 Mahakama ikakubali kanuni za kuwaachilia. Nikisoma hizo kesi huwa sijui nimhurumie nani. Sista hataki jina lake liwe kwa karatasi inayomletea mtu kitu ambacho yeye anakiona dhambi, namwelewa kabisa. Lakini msichana wa duka naye amefanya nini? Kosa ni la aliyeweka dhamiri ya bosi katikati ya mfanyakazi na daktari wake. Na hapo, nitasifu SHA mara moja halafu niache, sisi tulikwepa huo mtego. Pesa inatoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Bosi haongezi hata shilingi, na kwa hivyo dini ya bosi wangu (hana, lakini tuseme angekuwa nayo) haiingii kwa wadi ya mtu.

Waislamu nao wana lao, na huwa nashangaa halitajwi sana kwa hizi kelele. Bima ya kibiashara kwa wanazuoni wengi ina gharar (kuuziana jambo lisilojulikana litakuwaje) na riba ndani yake, mkutano wa wanafikihi wa nchi za Kiislamu Jeddah mwaka wa 1985 uliikataa ukaruhusu ile ya kusaidiana, na ndiyo maana tangu 2011 hapa Kenya tuna kampuni ya takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kusaidiana. Nilimuuliza ostadhi mmoja Eastleigh SHA iko upande gani. Akaniambia yeye anaona mchango wa serikali si mauzo, hakuna mtu amemuuzia mwenzake bahati, ni watu kusaidiana hata kama wamesukumwa kidogo, na kosa likiwepo la kuwekeza kwa riba ni la anayeshika mfuko. Halafu akaniongezea, swali lake yeye si kama ni halali kutoa, swali lake ni kama inafika. Sikuwa na jibu la hiyo.

Maana sasa hapo ndipo mimi nahama upande.

Ile sheria ya 2023 ilikuwa na kifungu cha 26(5) kinachosema ukitaka huduma yoyote ya serikali, kuu ama ya kaunti, lazima kwanza uonyeshe umejisajili na umelipa. Huduma yoyote! Unataka leseni ya kibanda, onyesha SHA. Kesi ikaenda kortini kabla hata sheria ikauke wino, na Januari 2024 Mahakama ya Rufaa iliporuhusu serikali iendelee ilikiacha hicho kifungu kikiwa kimesimamishwa. Julai hiyo majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema sheria yote ilipitishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, wakawapa siku 120 warekebishe, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba mosi tukaanza. Mambo ya kwenda mbele kurudi nyuma. Lakini kifungu chenyewe kinaonyesha mtu aliyekiandika alikuwa anawaza nini. Kama sijalipa, nidai. Nipeleke kortini kama mdeni yeyote. Usininyime cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa sababu sijalipia dripu. Hapo umeacha kuniomba mchango umeanza kunifuga, na usishangae mtu akienda kutafuta Kitabu cha Ufunuo. Tulishaona 2019 na Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho ya serikali, wahubiri wakaambia watu hiyo ni chapa ya mnyama, sisi wa mjini tukacheka. Mimi siamini ni chapa ya mnyama. Lakini naamini serikali ikikuambia bila namba hii hutanunua wala hutauza, hata kama ni kwa maneno mengine, mwenye kusoma Ufunuo 13 hajakosea kusoma.

Na hiyo swali ya ostadhi. Mama wetu wa chai si mwajiriwa, kwa hivyo yeye hakatwi, yeye anaulizwa maswali. Nilimsaidia kwa simu, nyumba yako paa ni ya nini, maji unatoa wapi, choo ni cha aina gani, mfumo ukapiga hesabu yake huko ndani bila kutuonyesha ukatoa kiasi cha kulipa. Wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi na mtu wa biashara ndogo anatakiwa kulipa mwaka mzima mara moja, yaani 3,600 mkononi siku moja. Mtu anayenunua maziwa ya leo na pesa ya jana! Baadaye serikali ikaleta mkopo wa kulipa pole pole, sawa, lakini ilibidi mtu aseme kwanza. Akalipa. Alipopeleka mtoto kwa hospitali moja hapa mjini akaambiwa sistimu iko chini, toa kesh ama subiri. Hiyo ilikuwa wakati hospitali za kibinafsi zilikuwa zinalia madeni, Februari 2025 chama chao kikasimamisha huduma za SHA kabisa, na hospitali za makanisa pia zilikuwa zinadai pesa za NHIF ya zamani ambazo hazijalipwa. Mimi nikichelewesha makato kupita tarehe 9 kampuni inapigwa adhabu. Nani anapigwa adhabu hospitali ikicheleweshewa miezi? Sheria ikiwa lazima upande mmoja tu, yule fundi wangu ana hoja kuliko wizara, maana yeye hataki kutoa na hataki kupokea. Amenyooka.

Kwa mwili sasa. Hapo sina ubishi mwingi, mtu mzima mwenye akili timamu akisema msinitibu, msimtibu. Mbembelezeni, mwelezeni, mwiteni mke wake, lakini msimshike mkono. Mashahidi wa Yehova hutembea na kadi ya kukataa damu kwa mfuko, na wacha niseme kwa sababu watu huwachanganya, wao hawakatai hospitali, wanakataa damu, dawa watameza na operesheni watafanyiwa. Inamsumbua daktari, najua. Mwenye mwili ni mwenye mwili. Kukatwa pesa hakumpi mtu ruhusa ya kunichoma sindano, na sioni shida yoyote kuwa na Mkorino aliyelipa miaka ishirini na hajawahi kuonyesha kitambulisho kwa kaunta ya hospitali. Ni yeye na Mungu wake, na pesa yake imemsaidia wa Mandera.

Lakini mtoto si mwili wa babake. Hii sitalainisha. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya matibabu yeye kama yeye, na maslahi yake yanatangulia. Sisi ni nchi ya Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi kuanzia Aprili 2023, na watoto walikuwa wengi kati yao, na mahubiri yaliyowapeleka kule yalianza na maneno madogo tu, hospitali ni ya shetani, shule ni ya shetani. Sisemi fundi wangu ni Mackenzie, yule mhubiri wa Shakahola, Mungu anisamehe hata kuwaweka kwa aya moja. Nasema uhuru wa dini unaishia kwa ngozi yako. Hata maaskofu Wakatoliki walipopinga kampeni ya chanjo ya pepopunda mwaka wa 2014 walikuwa na haki ya kuuliza imepimwaje na kutaka majibu, maswali ni ya kila mtu, lakini mwaka uliofuata walipoambia wazazi wasipeleke watoto chanjo ya polio mimi niliona wamevuka. Polio haiulizi ulibatizwa wapi.

Nimeacha jambo moja la mwisho na ndilo lilinifanya nianze kuandika, kwa sababu hakuna anayeliongea. Tunazungumza sana dhamiri ya anayelipa na ya anayetibiwa. Dhamiri ya hospitali je? Nusu ya hospitali ambazo Wakenya wanaziamini zilijengwa na makanisa, Kikuyu, Kijabe, Chogoria, Tenwek, Mater hapa South B, na bila hizo kuna sehemu za nchi hii ungekufa ukingoja barabara. Hospitali za Kikatoliki haziwekei mtu sindano wala kijiti cha kupanga uzazi, hazifungi kizazi, na kwangu mimi hiyo ni haki yao, huwezi kumwambia sista afanye kile ameapa kutofanya kwa sababu tu SHA ndiyo inalipa.

Wifi yangu alijifungulia kwa hospitali moja ya kanisa, sitaitaja, huduma ilikuwa safi na manesi walimshika vizuri. Mtoto wa nne, operesheni ya tatu. Daktari wa kliniki aliyokuwa akienda alikuwa amemwambia mapema, kwa vile tunakufungua tena, afadhali ufungwe kizazi hapo hapo, ni kazi ya dakika chache. Alipofika huko hakuna mtu alimwambia hapa hatufanyi. Si wakati wa kujisajili, si wakati wa kupima presha, si wakati wa kuweka sahihi. Aliambiwa akiwa ameshavaa gauni, anasukumwa. Nesi alisema kwa upole, "Hiyo hapa hatuna, mama." Mwanamke atafanya nini hapo, ashuke kitandani? SHA ililipia ile operesheni, 30,000, pesa yangu na yako na ya Mkorino, na yeye akatoka na kidonda na bado anahitaji kufunguliwa mara nyingine mahali kwingine kwa jambo ambalo lingeisha siku hiyo.

Hospitali isilazimishwe kufanya, nimesema. Lakini iseme mapema. Ukiingia mkataba na mfuko ambao kila mtu analazimishwa kuchangia, basi imani yako iandike ukutani pale watu wanajisajilia, kwa Kiswahili, herufi kubwa, hivi hatufanyi, ukizihitaji nenda mahali fulani, na kliniki iangalie hiyo orodha kabla ya kumwandikia mama barua ya kumpeleka huko. Hiyo haimgharimu sista dhamiri yake hata chembe. Bei yake ni rangi na kipande cha mbao, na SHA wangeweza kuiweka kama sharti kesho asubuhi bila hata kurudi Bungeni.

Wifi ameanza kutafuta mahali pa hiyo ya kufunga kizazi. Safari hii anapiga simu kwanza, na swali lake la kwanza kwa anayeshika simu ni hospitali yao ni ya nani.